Gitaa Zito

Wapenzi wa dansi wa rika langu hawakusema "gitaa la besi" wakaishia hapo. Walisema gitaa zito. Mtu akiwataja wapigaji wa bendi alikwenda kwa mpangilio: huyu yuko solo, huyu ridhimu, na kwenye gitaa zito la besi yuko fulani. Jina hilo nimelibeba tangu nina miaka ishirini na mmoja, na nilichelewa sana kujiuliza hilo neno zito linasema nini. Linaisema sauti, au linakisema chombo? Sisi tuliyachanganya hayo mawili. Tuliamini sauti nzito hutoka kwenye gitaa zito, gitaa zito hutaka mtu mwenye mabega, na mtu mwenye mabega halalamiki. Imani hiyo ilitugharimu sisi, na iliwagharimu wengine zaidi yetu.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu wa kike. Alikuja nyumbani jioni moja, akaniamkia, akaketi mkekani karibu na kiti changu. "Babu, nimeweka akiba. Nataka kununua gitaa la besi la mtumba, nipige kwenye kwaya yetu. Niangalie nini kwanza?" Nadhani alitarajia nimtajie jina la kiwanda, au nimwambie akague shingo na nyaya za ndani. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kwanza liweke kwenye mizani." Alinyamaza, akasubiri niendelee, akidhani hilo halikuwa jibu.

Lilikuwa jibu. Ila ili alielewe ilinibidi nimsimulie tulivyoishi.

Nilianza kupiga dansi Dar es Salaam mwaka 1976. Wakati huo bendi nyingi kubwa zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya mwaka 1971 ilikuwa ya vijana wa TANU. Polisi walikuwa na bendi yao, na Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza vilevile. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, na haikupita miaka mingi nayo ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC, na jina la Sikinde, ambalo asili yake ni ngoma ya Wazaramo, likaenea nchi nzima. Utaratibu huo ulitupa heri nyingi. Tulikuwa na mshahara wa mwezi kama makarani na madereva. Tulikuwa na kumbi. Tulikuwa na Radio Tanzania, iliyoturekodi na kutufikisha kwa watu ambao hawakuwahi kuiona Dar es Salaam. Siyadharau hayo, na kijana akiniambia kwamba enzi zile zilikuwa bora nami humwelewa.

Lakini vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa mali ya mwajiri, vikilala stoo, na funguo zikiwa mfukoni mwa mtunza stoo. Mazoezi yakiisha unalirudisha gitaa, unatia saini, unakwenda nyumbani kucheza vidole hewani. Ukihamia bendi nyingine unahama mikono mitupu, unakwenda kukabidhiwa gitaa la watu wengine. Niliwajua wapigaji waliotikisa kumbi kwa miaka ishirini ambao hawakuwahi kumiliki hata waya mmoja. Kisha vita vya Kagera vikaja, mwaka 1978 na 1979, na baada yake fedha za kigeni zikaadimika mpaka vipuri vya magari vikawa taabu, sembuse nyuzi za besi. Zilipozeeka na kufa sauti tulizifungua, tukazichemsha kwenye sufuria zitoe jasho na mafuta ya vidole, tukazianika na kuzifunga tena. Katika hali hiyo, nani angesimama aseme gitaa hili ni zito mno, nitafutieni jingine?

Gitaa nililokabidhiwa lilikuwa kubwa, la rangi ya mbao, limepakwa vanishi nene inayong'aa kama chupa. Nililivaa, mkanda ukakaa bega la kushoto kama ilivyo kwa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, na nikahisi mwili ukivutwa upande mmoja. Sikuulizwa kama linanifaa. Sikujua kwamba swali hilo lipo duniani. Dansi lilianza saa tatu usiku likaenda hadi saa nane. Wimbo mmoja ulichukua dakika kumi, kumi na tano, maana ulianza polepole kwa maneno, kisha ukaingia kwenye chemko, na chemko haliishi wakati watu wako uwanjani. Mapumziko yakitangazwa, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya maji, kabla ya kujifuta jasho, kilikuwa kulitua lile gitaa. Wenzangu wa solo walishuka jukwaani na magitaa yao wakiongea. Mimi nilitua kwanza, ndipo nikaweza kuongea.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliotupangia kazi hawakuwa watu wabaya, na baadhi yao walitupenda. Ila hakuna aliyewahi kulivaa lile gitaa kwa usiku mzima.

Nilikuja kulijua uzito wake baadaye sana. Bendi ilikwisha kufa, vyombo chakavu vikatolewa stoo, nikaomba kulishika mara ya mwisho. Jirani na hapo palikuwa na muuza mkaa mwenye mizani ya kuning'iniza. Tukalitundika. Kilo 5.2. Gitaa la besi la nyuzi nne ambalo mtu mzima anaweza kusimama nalo usiku kucha bila taabu kubwa mara nyingi halizidi kilo 4.1, na kwa nilivyoona mimi, likishapita 4.5 bega linaanza kulipa. Utaniambia tofauti ni kilo moja tu na kitu. Basi chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, itie kwenye mfuko wa kamba nyembamba, itundike bega la kushoto, usimame nayo kutoka saa tatu usiku hadi saa nane, siku nne kwa wiki, miaka kumi na sita. Ukimaliza, ndipo tuzungumze juu ya kilo moja.

Aliyenipa habari ya bega langu hakuwa daktari. Alikuwa fundi cherehani. Nilikwenda kushonesha koti la harusi ya mdogo wangu, akapima bega la kulia, akapima la kushoto, akarudia tena la kushoto. Akaniuliza kama niliwahi kuanguka kutoka juu ya mnazi. Bega moja lilikuwa limeshuka chini ya lenzake kwa upana wa kidole. Akanishonea koti lenye pamba zaidi upande mmoja, watu wasione, na tangu hapo kila koti langu hushonwa hivyo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, hufa ganzi asubuhi za baridi. Hivyo ndivyo vidole vilivyokuwa vikibana nyuzi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya bega. Miaka ya 1980 nililetewa kijana nimfundishe. Mwembamba, kimya, mwenye sikio ambalo sijaliona tena. Alisikia mahali pa kuacha pengo, kitu ambacho wengine huchukua miaka kumi kukijua. Baada ya wiki kadhaa akaniambia kwa adabu, "Kaka, gitaa linaniumiza shingo." Nikamjibu yale niliyojibiwa mimi: besi ni ya wanaume, vumilia, bega litakomaa. Alivumilia miezi mitatu, kisha hakuonekana tena mazoezini. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Leo najua kwamba hakuwa mvivu. Alikuwa ameuliza swali sahihi, nami nililichukulia kuwa ni udhaifu kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuthubutu kuliuliza. Na mabinti hawakufika hata kwenye mlango wa swali hilo. Tuliwaweka kwenye kuimba na kucheza, tukasema besi si chombo chao, na sababu tuliyoitoa ilikuwa hiyohiyo ya mabega.

Kwa nini tuliuamini uzito kiasi kile? Sehemu ya jibu iko majumbani mwetu. Tumelelewa kupima ubora kwa mkono. Kitanda cha mninga ni kizito, na kitawazika babu na mjukuu. Sufuria nzito haiunguzi wali. Bati jepesi hupeperushwa na upepo. Muuza duka akitaka kukuhakikishia kitu hukuwekea mkononi akisema, "Hebu kisikie." Kwa kitanda na sufuria maneno hayo yana kweli, maana kitanda kinasimama chini na sufuria inakaa jikoni. Gitaa linakaa juu ya mtu. Mbao tulizozipenda kwa uzito wake hazikuwahi kutundikwa shingoni mwa mtu kwa saa tano.

Na ukiifuata historia ya chombo hiki utaona kwamba kilizaliwa ili kupunguza mzigo. Kabla yake kulikuwa na kontrabesi, lile fidla kubwa linalompita mtu kimo, ambalo hadi leo unaweza kuliona katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar, mpigaji amesimama kando yake akidonoa nyuzi kwa vidole. Kusafiri nalo ni adha. Haliingii kwenye gari kirahisi, na sauti yake humezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alitoa gitaa la besi aliloliita Precision: bapa, lenye freti, nyuzi zake zenye urefu wa inchi 34 kutoka daraja hadi kichwani, la kuchomekwa kwenye amplifaya. Mtu mmoja akaweza kulichukua kwa mkono mmoja na kupanda nalo basi. Wapigaji wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kuna kitu kilibadilika siku ile ambacho hakikusemwa sana. Kontrabesi lina uzito mara mbili ya gitaa na zaidi, ila linasimama juu ya chuma chake, na sakafu ndiyo inayolibeba. Mpigaji analiegemeza tu. Gitaa la besi liliuondoa uzito sakafuni likauhamishia kwenye bega la mtu. Kwa hiyo tangu mwanzo kila kilo ya gitaa hili ilikuwa na mbebaji wake, na fundi aliyechagua mbao alikuwa akichagua, apende asipende, kitu kitakachotokea kwenye mgongo wa mtu asiyemjua.

Zanzibar hiyohiyo inatoa ushahidi mwingine, na huu ndio ninaoupenda zaidi. Nenda kwenye kidumbak, ngoma ya harusi ndugu wa taarabu. Utakuta vidumbak viwili, fidla, na besi yao huitwa sanduku. Ni sanduku hasa, la kutilia chai, limegeuzwa, lina fimbo na uzi mmoja. Mpigaji anavuta fimbo, uzi unakaza, anaudonoa, na ardhi inaitika. Tumezoea kusema debe tupu haliachi kuvuma tukimsema mtu asiye na kitu kichwani. Katika kidumbak sanduku tupu ndilo linaloibeba harusi. Sauti nzito ile inatoka kwenye hewa iliyomo ndani ya mbao nyembamba, na kwenye mkono unaojua lini uvute na lini uache. Ningeliona hilo kwa macho ya kujifunza nilipokwenda Unguja nikiwa kijana, ningejua mapema kwamba jina gitaa zito halikuwa na uhusiano na mizani.

Uzito wa yale magitaa ya ujana wetu ulikuwa na sababu zake. Mti uitwao eshi, wa Marekani, hutoa mbao za namna mbili. Ule unaoota kwenye mabwawa ya bonde la chini la mto Mississippi huwa mwepesi, wenye vinyweleo vikubwa. Unaoota nchi kavu huwa mgumu na mzito. Miaka ya 1970 magitaa mengi yalichongwa kwa mbao nzito, yakapakwa poliesta nene juu yake, na wanunuzi wakaaminishwa kwamba uzito huifanya noti idumu zaidi. Viwanda vya nchi nyingine vilivyoiga vikaiga na uzito. Vyombo vya wakati huo ndivyo vilivyotufikia sisi, na ndivyo vinavyouzwa leo kwa sifa ya ukale. Siku hizi hata mti wenyewe uko taabani: mwaka 2002 karibu na mji wa Detroit aligunduliwa mdudu kutoka Asia anayetoboa chini ya gome la eshi, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti. Mwaka 2020 kampuni ya Fender ilitangaza kwamba itaacha kuutumia mti huo katika magitaa yake mengi ya kawaida. Eshi nyepesi imekuwa adimu, na anayeipata kwenye gitaa la mtumba amepata kitu.

Je, mbao nzito huleta sauti nzito? Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika juu yake umeme mdogo huzaliwa, na amplifaya huukuza. Sisemi mbao hazina neno lolote. Shingo iliyo legevu huiua noti, na kiungo kibovu huimeza. Lakini kilo nyingi hazijawahi kuniletea besi ambayo vidole vyangu havikuwa nayo. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown pale Detroit miaka ya 1960, alidonoa kwa kidole kimoja tu cha shahada, kwenye nyuzi kuukuu alizokuwa hapendi kuzibadilisha, na wapigaji wa dunia nzima bado wanamfuata. Paul McCartney alinunua Hamburg mwaka 1961 gitaa la Höfner lenye umbo la fidla, lenye uwazi ndani, lisilofika hata kilo tatu, na besi ya Beatles haikupungukiwa. Na mpigaji yeyote wa dansi letu aliyejua kazi yake atakuambia kwamba katika chemko, magitaa yanapofumana kama ukili, uzito wa besi uko kwenye noti ile inayoshuka baada ya kimya. Ukiijaza kila nafasi, besi inakuwa nyepesi hata kama gitaa lina kilo sita.

Basi tukaenda kununua, mimi na mjukuu wangu. Nilibeba mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari ya ndege. Kwa muuzaji wa kwanza Kariakoo tulionyeshwa gitaa zuri la macho. Muuzaji akamwekea mikononi, na maneno yakawa yaleyale: "Hebu sikia uzito huo, hiyo ni mbao ya zamani." Tukapima. Kilo 4.9. Nikamwomba mjukuu wangu alivae asimame nalo tu, tukizungumza habari nyingine, kwa urefu wa wimbo mmoja wa dansi. Wauzaji hukupa kiti, na ukiketi gitaa linalala pajani, uzito wote unafichika. Dakika ya nane alianza kulihamishia bega la kulia. Hakujua kwamba amefanya hivyo. Nikamshukuru muuzaji, tukatoka.

La pili lilikuwa na kilo 3.1, na yeye alifurahi sana akadhani tumefika. Nikamwambia avae mkanda kisha aachie mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikaanguka kuelekea sakafuni. Hapo ndipo nilipomweleza kwamba kilo si habari yote. Kiwiliwili kikiwa chepesi mno na kichwa kimebeba funguo kubwa za chuma za kukazia nyuzi, gitaa hupiga mbizi, na mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubana nyuzi, unageuka kuwa nguzo. Pembe ya juu ya gitaa, pale mkanda unapofungwa, ikifika usawa wa freti ya kumi na mbili, mara nyingi mizani ya chombo huwa nzuri. Ikiwa fupi, jihadhari. Unaweza kubadilisha funguo ukaweka nyepesi, ukaokoa gramu 200 hivi kwenye kichwa, na magitaa mengine hupona kwa dawa hiyo. Gitaa lile lilihitaji zaidi ya hapo.

La tatu lilikuwa na mikwaruzo mgongoni, kitufe kimoja hakipo, nyuzi zimekufa. Kilo 3.7. Alipoachia mikono likatulia, kichwa kikabaki juu kidogo ya usawa wa kiuno kana kwamba kuna mtu ameliinua kwa kidole. Muuzaji mwenyewe alilionea haya kwa sura yake, akapunguza bei kabla hatujaomba. Tukalichukua, na tukanunua mkanda mpana wa ngozi unaoweza kuusambaza uzito begani badala ya kuukata kama kamba ya ndoo.

Njiani nilimwambia kanuni ambayo ningependa kila mnunuzi wa gitaa kuukuu aishike. Nyuzi hubadilishwa. Kitufe hununuliwa. Freti zilizolika fundi huzing'oa akaweka mpya, pikapu mbovu hutolewa, shingo iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa kukaza chuma kilicho ndani yake. Uzito wa kiwiliwili haurekebishiki. Umo ndani ya mbao tangu mti ulipokua, na ukishalipa fedha zako umekuwa wako. Ndiyo maana hupimwa kwanza, kabla macho hayajapenda rangi.

Neno mtumba, kabla ya kuwa jina la nguo na vitu vilivyotumika, lilikuwa furushi, mzigo uliofungwa wa kubebwa. Nimelifikiri sana neno hilo siku hizi. Chombo kilichotumika huja na mzigo wa wale waliokitumia: mawazo yao juu ya nini ni kizuri, nini ni cha kiume, nini kivumiliwe. Sisi tulipigwa na uzito, na kwa kuwa tulipiga vizuri tukiwa tumebeba uzito huo, tukahitimisha kwamba uzito ndio uliotufanya tupige vizuri. Hilo ni kosa la kizazi changu, na naliona si kwenye muziki peke yake. Namsikia mwalimu mstaafu akisifu fimbo, fundi akisifu kulala njaa wakati wa uanagenzi, mama akisifu kuni zilizompinda mgongo. Tunayatetea maumivu yetu kwa sababu tunaogopa kwamba yakionekana hayakuwa na kazi, basi tuliumia bure. Mimi nimelivuka woga huo uzeeni. Tulipiga vizuri kwa sababu tulifanya mazoezi kila siku, tulikaa pamoja miaka mingi, na tulisikilizana. Bega lililoshuka halikuongeza hata noti moja.

Sitaki vijana nao waipoteze ile sehemu iliyokuwa ya kweli. Ukipewa chombo chepesi umepewa saa zaidi za kufanya kazi, na saa hizo zinadai mazoezi. Mjukuu wangu namfundisha kwa ukali uleule niliofundishwa: wimbo mmoja mara ishirini, bila amplifaya, mguu ukihesabu. Akijaza noti mahali pasipotaka, namsimamisha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, na mimi naongeza kwamba mchukuzi aliyepata nafuu afike mbali zaidi.

Na yule kijana mwembamba, ikiwa bado yupo na maneno haya yatamfikia, nataka ajue kwamba alikuwa sahihi. Gitaa lile lilikuwa na kilo 5.2. Nimelipima.

Jumamosi moja nilikwenda kuisikiliza kwaya yao kwenye mazoezi ya Pasaka. Walisimama kwa muda wa karibu saa tatu, mwalimu wao akirudia mafungu bila kuchoka. Besi ilikuwa chini kabisa, tulivu, ikiingia baada ya sauti za kiume kushuka, na mara mbili nilihisi benchi nililokalia likiitika. Chai ilipoletwa na mihogo ya kuchemsha, wanakwaya wakaweka vitabu na kukimbilia foleni. Nikamtazama mjukuu wangu, nikingoja alitue. Akachukua kikombe, akasimama kwenye foleni akicheka na wenzake, gitaa bado liko kifuani. Mwenzake mmoja akamuuliza mbona hajalivua. Akainamisha uso akaliangalia, akashangaa. Alikuwa amesahau kwamba amelibeba.